Digrii Nne kati ya Kabuga na Kinigi: Bakteria wa Udongo na Baridi ya Miche

Kabuga, mji wa biashara katika Umurenge wa Rusororo, Wilaya ya Gasabo, uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, kando ya barabara kuu itokayo Kigali kwenda Rwamagana na Kayonza. Kinigi, chini ya volkeno za kaskazini, iko kwenye mita 2,200 hivi. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban digrii 6 za Selsiasi kila upandapo mita 1,000, tofauti ya joto kati ya sehemu hizi mbili haizidi sana digrii 4. Mtu akivaa sweta ameimaliza tofauti hiyo. Mche wa maharagwe au wa soya hauna sweta: kwake digrii 4 hupimwa kwa siku za msimu, na siku zikipotea mwanzoni hazirudi. Ndiyo maana habari inayozidi kusikika katika kilimo, kwamba wapo bakteria wa udongo wanaoweza kuusaidia mche kuhimili baridi, inastahili kusikilizwa Rwanda, nchi ambayo jirani zake huidhania kuwa haina baridi ya kuzungumziwa. Rai ninayoitetea hapa ni kwamba bakteria hao wanafaa, ila sehemu kubwa ya msaada wao hutokana na kuulisha mche na kuukuza mizizi, na sehemu ndogo tu ni kinga dhidi ya baridi yenyewe. Tukitaka kuzijua sehemu hizo mbili moja moja, itabidi tuwapime bakteria mahali penye joto pia. Hapo ndipo Kabuga inapoingia.

Kwanza tukubaliane baridi ipi inazungumzwa. Ipo baridi ya jalidi, maji yanapoganda ndani ya tishu za mmea na kuzipasua. Afrika Mashariki inaijua: wakulima wa Nyandarua wameishi nayo miaka mingi, na Januari 2012 iliunguza mashamba ya chai ya Kericho na Nandi. Halafu ipo baridi isiyogandisha, ile ya udongo wenye digrii 15 au 17, ambayo haiui mche wala haiachi alama ya kupigwa picha. Mche unachipua, unasimama, unageuka rangi kidogo, unasubiri. Hii ya pili ndiyo baridi ya Rwanda. Anayesema kwamba nchi iliyo karibu na Ikweta haina shida ya baridi anafikiria ile ya kwanza. Hoja yake haiwagusi wakulima wa Musanze, Burera na Nyabihu, wanaojua kwamba zao lile lile hukawia zaidi kukomaa kadiri shamba linavyopanda mlima.

Athari za baridi ya aina hii zinafahamika vizuri. Mafuta yaliyomo katika utando wa seli hukakamaa, utando huanza kuvuja, na chumvi zinazopaswa kubaki ndani hutoka nje. Mizizi hunyonya maji kwa shida, hivyo mche waweza kunyauka juu ya udongo uliolowa. Majani huendelea kupokea mwanga wa jua ilhali mitambo ya usanisinuru imepunguza mwendo, na nishati isiyotumika huzalisha kemikali za oksijeni zenye kuharibu seli. Fosforasi nayo huwa ngumu kupatikana, kwa sababu mzizi uliopoa hukua polepole na kirutubisho hicho hakisafiri mbali kuufuata mzizi. Wekundu wa zambarau kwenye majani ya mahindi machanga mara nyingi ni dalili ya njaa hiyo. Mwisho, mmea uliobanwa hutengeneza kwa wingi gesi ya ethilini, homoni ambayo kiwango chake kikizidi huzuia mizizi kukua. Mambo haya hufuatana. Mzizi mfupi huleta njaa, njaa hupunguza majani, na majani machache hayawezi kuujenga mzizi mrefu.

Kwa jamii ya kunde kuna mzigo wa ziada, na hapa zipo takwimu zinazotuwezesha kupiga hesabu. Maharagwe na soya hupata naitrojeni kwa ushirika na bakteria waitwao rizobia, ambao huingia katika mizizi na kujengewa vinundu. Ili ushirika uanze, mzizi hutoa kemikali ya kuwaita, nao rizobia hujibu kwa ishara yao wenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walionyesha kwamba katika soya baridi huyavuruga mawasiliano hayo. Kati ya digrii 25 na 17, kila digrii moja inayopungua kwenye udongo wa mizizi huchelewesha kuanza kwa kazi ya kunasa naitrojeni kwa siku 2 na nusu hivi. Chini ya digrii 17, kila digrii hugharimu takriban siku 7. Tukichukua udongo wa digrii 21 kwa mwinuko wa Kabuga na digrii 17 kwa ule wa Kinigi, tofauti inafika siku 10. Ukipanda zaidi, kuelekea miinuko ya Nyabihu, kila digrii inayopotea inaondoka na wiki. Soya si zao la Kinigi, na maharagwe hayafuati hesabu ya soya sawasawa, kwa hiyo takwimu hizi zichukuliwe kuwa mfano wa ukubwa wa jambo. Hata hivyo zinaonyesha kwamba baridi isiyoua inaweza kula sehemu ya maana ya msimu.

Je, bakteria wanaweza kurudisha siku hizo? Ushahidi upo wa aina tatu. Wa kwanza unatoka McGill kwenyewe: rizobia wa soya walipotayarishwa kwa kulowekwa kwenye jenisteini, kemikali ile ile ambayo mzizi uliopoa huitoa kwa uchache, vinundu viliwahi kutokea hata katika udongo baridi. Wa pili unatoka Chuo Kikuu cha Waterloo, ambako Bernard Glick na wenzake walieleza mwaka 1998 namna bakteria fulani wa mizizini wanavyomeng'enya kemikali ambayo mmea huitumia kutengenezea ethilini. Bakteria hupata naitrojeni yake, na mmea huepuka sehemu ya homoni inayoudumaza. Mmoja wa bakteria waliochunguzwa na kundi hilo alitoka kwenye mizizi ya nyasi za kaskazini ya mbali ya Kanada, naye hutoa pia protini inayozuia chembe za barafu kukua. Wa tatu ni bakteria aitwaye PsJN, aliyepatikana kwenye mizizi ya kitunguu na baadaye kujaribiwa kwenye miche ya mizabibu. Watafiti wa Ufaransa na Kanada walichapisha matokeo yao mwaka 2006: miche iliyopakwa bakteria huyo ilivuja chumvi chache kuliko isiyopakwa ilipowekwa kwenye digrii 4, ikawa na akiba kubwa zaidi ya wanga na prolini, na usanisinuru wake ukaumia kidogo.

Utafiti huo wa mizabibu hunukuliwa mara nyingi kama uthibitisho kwamba bakteria huukinga mche na baridi. Unapaswa kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu watafiti walifanya jambo la busara: waliweka miche kwenye digrii 26 pia. Mizizi ya miche yenye bakteria ilikuwa mikubwa mara 11.8 kuliko ile isiyo nao kwenye joto, na mara 10.7 kwenye baridi. Uzito wa mche mzima uliongezeka mara 6 kwenye joto, na mara 2.2 tu kwenye baridi. Maana yake ni kwamba bakteria alikuwa mkuzaji hodari wa mche popote alipo, na kwa upande wa uzito faida yake ilikuwa kubwa zaidi pasipo na baridi. Kinga dhidi ya baridi ilikuwepo, nao upungufu wa chumvi zilizovuja unaithibitisha, lakini ilikuja juu ya ukuzaji wa jumla. Lau miche ingepimwa kwenye digrii 4 peke yake, msomaji angeona ongezeko la zaidi ya mara mbili na kulihesabu lote kuwa ni ushindi dhidi ya baridi. Kosa hilo la kuhesabu ni jepesi kufanyika katika shamba la mlimani, ambako baridi ndiyo mshitakiwa wa kwanza wa kila udhaifu.

Pingamizi la kwanza ni hili: mtu anaweza kuuliza kama kutenganisha huko kuna faida yoyote kwa mkulima. Mche ukikua, umekua, iwe kwa kulishwa au kwa kukingwa. Hoja hii ina uzito kwa anayenunua pakiti moja kwa shamba moja. Haina uzito kwa anayepanga matumizi ya nchi, wala kwa anayeuza. Kama msaada wa bakteria ni chakula, basi mshindani wao ni samadi, mboji, chokaa na fosforasi, na inabidi bei zilinganishwe. Kama ni kinga dhidi ya baridi, hakuna mfuko wa mbolea unaoweza kuchukua nafasi yao, na kulipa bei ya juu kuna maana. Zaidi ya hayo, bakteria wa chakula wanaweza kuuzwa Kabuga, Bugesera na Musanze kwa tija ile ile, ilhali bakteria wa baridi wana soko kwenye miinuko tu. Bidhaa moja ikivaa majina mawili, mkulima wa mlimani ndiye atakayelipia jina la pili.

Historia ya bakteria na jalidi inatoa fundisho jingine. Wapo bakteria, hasa Pseudomonas syringae, ambao protini zao huanzisha barafu kwenye majani mapema, kwenye digrii chache tu chini ya sifuri, wakati maji safi yangeendelea kuwa maji. Steven Lindow wa Chuo Kikuu cha California alitengeneza aina isiyo na uwezo huo ili ijaze nafasi kwenye majani na kuwazuia wabaya wasiingie. Mwaka 1987 ilinyunyizwa kwenye stroberi na viazi huko California, ikiwa miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya bakteria waliobadilishwa jeni kufanyika nje ya maabara, na ilizusha upinzani mkubwa. Haikufika sokoni. Kilichofika ni bakteria wa asili wa ukoo huo huo, anayetumika kwenye bustani za matunda. Kwa miinuko ya Rwanda teknolojia hiyo haina kazi kubwa, maana majani hayagandi. Linalobaki kwetu ni kwamba ukoo mmoja wa bakteria unaweza kuwa na adui na rafiki, na kwamba jina la ukoo kwenye pakiti halitoshi kumwambia mnunuzi amepata yupi.

Nyumbani hatuanzi na mikono mitupu. Kituo cha utafiti cha Rubona, kilichokuwa chini ya taasisi ya zamani ya utafiti wa kilimo, ISAR, na sasa kiko chini ya Bodi ya Kilimo na Rasilimali za Wanyama, RAB, kimekuwa na maabara ya kuzalisha rizobia kwa miaka mingi. Mwaka 2009 ulianza mradi wa N2Africa, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen pamoja na taasisi za kimataifa za utafiti, na Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi 8 za awamu ya kwanza, pamoja na Kenya na Kongo. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliifanyia utafiti bidhaa ya rizobia ambayo leo hutengenezwa kibiashara na kampuni ya MEA: pakiti ya gramu 100 hutosha kupaka kilo 15 za mbegu. Hekta moja ya soya inayotumia kilo 60 za mbegu huhitaji basi pakiti 4, ambazo mtu huzibeba mfukoni. Ukikumbuka kwamba mbolea ya dukani husafirishwa kutoka pwani hadi nchi isiyo na bahari, na kisha kupandishwa milimani, wepesi huo ni jambo la kiuchumi.

Hapo ndipo pingamizi la pili, lililo zito kuliko yote, linapojitokeza. Maharagwe, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha Mnyarwanda, huitikia rizobia wa pakiti kwa kusuasua kuliko soya. Sababu ni kwamba soya ni mgeni na katika udongo mwingi wa Afrika haimkuti mwenyeji anayemfaa, wakati haragwe hupokea rizobia wa namna nyingi na kwa kawaida huwakuta tayari shambani. Bakteria wa pakiti anaingia mahali penye wenyeji maelfu kwa maelfu waliokwisha kuzoea, na mara nyingi anashindwa kupata nafasi kwenye mzizi. Pingamizi hili ni la kweli, lakini kwa suala la baridi lina upande wa pili. Kama udongo wa miinuko una rizobia walioishi humo vizazi vingi pamoja na maharagwe ya kupanda, ambayo ISAR na kituo cha kimataifa cha CIAT walieneza aina zake bora tangu miaka ya 1980, basi miongoni mwao wanatarajiwa kuwemo wanaofanya kazi kwenye digrii 15. Wenyeji wanaomshinda mgeni ndio wa kuchunguzwa. Kinachotakiwa ni kuchimba vinundu vilivyo vyekundu ndani kwenye mashamba ya juu kabisa ya Burera na Nyabihu, kuwatenga bakteria wake na kuwapima, kabla ya kuagiza wa Kanada.

Pingamizi la tatu ni la mbolea. Kwa nini kusumbuka na viumbe vinavyokufa juani, ikiwa DAP ina naitrojeni na fosforasi kwa pamoja? Jibu la haki ni kwamba kwenye udongo baridi fosforasi iliyowekwa karibu na mbegu ni msaada wa hakika kuliko bakteria yeyote, na mkulima asishauriwe kuiacha. Udongo wa volkeno wa kaskazini hushikilia fosforasi kwa nguvu, na udongo wa mteremko wa Kongo-Nili, kama Nyaruguru na Nyamagabe, una tindikali kiasi kwamba bila chokaa, ishwagara, hata vinundu havitokei vizuri. Bakteria wanaowekwa kwenye udongo wa namna hiyo bila maandalizi wanapelekwa kufa. Lakini naitrojeni ya dukani ina tabia ya kuulegeza mmea: ikiwa nyingi, mzizi hauwaiti rizobia kwa bidii. Kwa jamii ya kunde, mpango wenye mantiki ni chokaa panapohitajika, fosforasi na samadi kwenye shimo, kisha bakteria wa kuleta naitrojeni. Bakteria na mbolea hukamilishana kwa mfuatano, na bakteria huja mwisho.

Pingamizi la nne linahusu uaminifu wa pakiti. Mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009, ulijaribu zaidi ya bidhaa 100 za kibiolojia na kikemikali zilizokuwa zikiuzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria, na nyingi hazikumwongezea mkulima mavuno yanayolipa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 wa bidhaa 65 za bakteria na kuvu ulikuta kwamba zaidi ya nusu zilikuwa na bakteria wasiotarajiwa. Hali hii haishangazi. Kigezo cha pakiti nzuri ya rizobia ni seli hai bilioni 1 kwa kila gramu, na idadi hiyo hushuka haraka pakiti ikiachwa kwenye duka lenye paa la mabati. Mkulima hawezi kuziona seli hizo wala kuzihesabu, na muuzaji pia hawezi. Kwa hiyo bidhaa ya bakteria isiyo na mkaguzi ni imani tupu. Rwanda ina mamlaka ya ukaguzi wa pembejeo, RICA, na ingefaa kila shehena ihesabiwe seli kabla ya kwenda vijijini, tarehe ya mwisho ya matumizi iandikwe kwa kuzingatia joto la dukani, na madai ya kuhimili baridi yasiruhusiwe kwenye lebo bila majaribio ya hapa nchini.

Usalama nao haupaswi kupuuzwa. PsJN aliwahi kuwekwa katika jenasi ya Burkholderia, ambayo ina spishi zinazoambukiza mapafu ya watu wenye kinga dhaifu. Tangu mwaka 2014 wanasayansi wamemtenga yeye na ndugu zake wengi wa mimea katika jenasi ya Paraburkholderia, na hakuna ushahidi kwamba yeye huwaambukiza watu. Lakini mbegu hupakwa kwa mikono mitupu, mara nyingi na mama mwenye mtoto mgongoni, katika nchi ambako wapo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Tahadhari hiyo inatosha kuwatanguliza rizobia, ambao wametumika kibiashara tangu mwaka 1896 bila madhara kwa watu, na kuwaacha wengine maabara mpaka wachunguzwe mmoja mmoja.

Kutokana na yote haya, jaribio linalohitajika linajionyesha lenyewe, na si la gharama kubwa. Zichaguliwe sehemu tatu zinazopanda kwa ngazi: Kabuga, Musanze mjini na Kinigi. Ipandwe aina moja ya haragwe inayovumilia vimo vyote vitatu. Kila mahali pawe na vipande vinne: kisichotiwa kitu, chenye bakteria, chenye chokaa na fosforasi, na chenye vyote. Joto la udongo lipimwe kwenye kina cha mizizi, na vinundu vipasuliwe wakati wa maua, kwa kuwa wekundu wa ndani unaonyesha vinavyofanya kazi na weupe au ukijani unaonyesha vilivyolala. Mkosoaji atasema kwamba udongo wa Kabuga si udongo wa Kinigi, hivyo tofauti ya matokeo inaweza kutokana na udongo badala ya baridi. Ni kweli. Dawa yake ni kuwa na makopo kando ya vipande hivyo: udongo wa Kinigi ushushwe Kabuga, wa Kabuga upandishwe Kinigi, na mbegu zile zile zioteshwe ndani yake.

Matokeo yatasomeka bila utata. Bakteria wakiongeza mavuno kwa kiwango kimoja Kabuga na Kinigi, tutajua ni walishaji. Wauzwe nchi nzima kwa bei ya kushindana na samadi, bila hadithi ya baridi. Ongezeko likiwa kubwa Kinigi na dogo Kabuga, tutakuwa tumepata bakteria wa baridi kwa maana halisi, na serikali itakuwa na sababu ya kuwalipia ruzuku wakulima wa miinuko. Na vipande vya chokaa na fosforasi vikiwapita bakteria kila mahali, jambo ambalo kwa ushahidi uliopo naliona linawezekana kabisa, basi fedha ziende kwanza kwenye ishwagara, na maabara ya Rubona ipewe muda wa kutafuta rizobia wa mlimani bila kushinikizwa kuuza. Katika kila hali, shamba la chini lenye joto ndilo litakalotoa hukumu kuhusu madai ya baridi, na kulipanga katika jaribio tangu mwanzo ni gharama ndogo kuliko kuuza dai lisilopimwa kwa msimu mmoja.